Mapenzi na Kitisho Katika Basi Moja: Kasoro za Wanaotaka Kuvitenga

Filamu ya safari inayochanganya kitisho na mapenzi imesimama juu ya kanuni moja. Vijana wawili wasio na pao wanatoka kwao wakiwa na alama ambayo hawakuichagua: mmoja amezaliwa nayo, mwingine amebandikwa. Barabara inawakutanisha, na barabara hiyo hiyo inawaanika. Wanapendana kwa sababu kila mmoja ndiye mtu wa kwanza kuiona alama ya mwenzake asikimbie. Hofu nayo haiwaachi, kwa kuwa mwingine yeyote akiiona, mambo yameharibika.

Mwaka 1973 Djibril Diop Mambéty wa Senegal aliwapandisha Mory na Anta kwenye pikipiki yenye fuvu la ng'ombe mbele ya usukani, wakazunguka Dakar wakisaka nauli ya kwenda Paris, huku picha za machinjioni zikiwakatiza njiani. Filamu hiyo, Touki Bouki, maana yake ni safari ya fisi. Mwaka 1987 Kathryn Bigelow aliwapa wanyonya damu gari na nyika za Marekani katika Near Dark. Mwaka 2022 Luca Guadagnino akatoa Bones and All, kutokana na riwaya ya Camille DeAngelis: Maren na Lee, wapenzi wenye kiu ya nyama ya watu, wanakatiza Marekani ya miaka ya 1980 wakiwakwepa wenzao wanaoweza kuwatambua kwa harufu. Tamasha la Venice lilimpa mwongozaji huyo Simba wa Fedha.

Kenya haina haja ya kubuni barabara ya namna hiyo. Inavuka mto Tana mjini Garissa, inapita Modogashe na Habaswein, inaingia Wajir, kisha inashika Tarbaj, Kotulo na El Wak hadi Mandera. Wazee wa Wajir wanaposafiri kuelekea Nairobi bado husema wanakwenda Kenya. Hata hivyo, pendekezo la kuwapitisha wapenzi wawili na zimwi katika njia hiyo hupokewa kwa mikunjo ya uso.

Dai lenyewe

Maoni yaliyotawala, miongoni mwa wafadhili wa filamu, wasomi wa mijini na hata baadhi ya wazee wa eneo lenyewe, yanaweza kuelezwa hivi bila kuyapunja. Watu wamekufa kweli katika barabara hiyo. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 wa basi lililokuwa likitoka Mandera kwenda Nairobi walitenganishwa na wenzao Waislamu, wakauawa na wapiganaji wa al-Shabaab; miongoni mwao walikuwamo walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo ya Desemba. Desemba 2019 basi jingine lilivamiwa karibu na Kotulo, kati ya Wajir na Mandera, na abiria wakachambuliwa tena kabla ya risasi. Kwa hiyo, husemwa, kutia mapenzi humo ni kufanya mzaha msibani. Kutia mazimwi ni kuzidi kulichafua jina la eneo ambalo tayari linakimbiwa. Isitoshe, mseto wenyewe ni mtindo wa Wamarekani, hauafiki Usomali wala Uislamu. Na mtazamaji atachanganyikiwa, asijue kama alie au apige mayowe. Filamu inayofaa, basi, ni ya kiasi: ihuzunishe, ihimize umoja, iishe.

Hoja hizi hazitoki kwa wapumbavu, na ile ya kwanza ina uchungu wa kweli ndani yake. Ila zikifuatwa hadi mwisho zinagongana zenyewe kwa zenyewe.

Kwanza: heshima ya marehemu

Filamu ya kiasi tayari ipo. Inaitwa Watu Wote, ya mwaka 2017, kazi ya kuhitimu ya Mjerumani Katja Benrath katika chuo cha Hamburg Media School, iliyoteuliwa kuwania Oscar mwaka 2018 katika kundi la filamu fupi. Inasimulia shambulio la tarehe 21 Desemba 2015 karibu na El Wak, pale abiria Waislamu walipokataa kutengwa na Wakristo na kuwasitiri kwa mavazi yao. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo akafariki Januari 2016.

Gharama iliyofichika katika filamu ya aina hiyo ni bei ya tiketi. Msomali wa kaskazini mashariki anaruhusiwa kuonekana mtu kwa masharti: asimame mbele ya bunduki, na ikibidi afe vizuri. Kabla ya saa ile hana historia ndefu, na baada yake anakuwa mfano wa kufundishia. Upande wa pili wa sarafu hiyo ni Eye in the Sky ya mwaka 2015, ambamo mtaa wa Wasomali wa Eastleigh, uliopigiwa picha Afrika Kusini, hutazamwa zaidi kutoka angani kupitia jicho la ndege isiyo na rubani. Kijana wa Wajir anapata nafasi kwenye kioo akiwa karibu kuua au karibu kuuawa. Katikati ya hayo mawili, mahali anapoishi karibu siku zake zote, kamera imezimwa. Hilo ndilo linaloitwa heshima.

Na heshima kwa nani hasa? Walimu waliokuwa wakirudi likizo mwaka 2014 walikuwa wakirudi kwa watu. Kulikuwa na waliokuwa wakingojewa na wake, wachumba, watoto. Filamu inayowavua hamu hiyo ili wabaki abiria wa Kikristo tu imefanya, kwa nia njema kabisa, kazi ile ile waliyoifanya wauaji: kumsoma mtu kwa kitu kimoja.

Mfano wa Wagalla unaonyesha zaidi. Februari 1984 wanaume wa ukoo wa Degodia walizolewa na vikosi vya usalama wakafungiwa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla, nje ya mji wa Wajir, wakivuliwa nguo na kunyimwa maji siku kadhaa katika jua la huko. Kwa miaka mingi takwimu ya serikali ilikuwa watu 57; manusura wanataja mamia na hata maelfu. Judy Kibinge alitoa filamu ya hali halisi kuhusu mauaji hayo mwaka 2015, Scarred. Tofauti kati ya 57 na maelfu haiwezi kuelezwa na kiasi wala upole. Inaelezwa na wajane, yaani na mapenzi. Anayejua idadi kamili ni yule aliyekaa mlangoni akimngoja mtu wake. Mwandishi wa muswada anayeambiwa ayaondoe mapenzi ili kuwalinda marehemu ameambiwa amwondoe shahidi.

Pili: jina la mkoa

Hoja ya jina ndiyo yenye kejeli nyingi kuliko zote, kwa sababu inaishtaki filamu ambayo haijatengenezwa kwa kosa lililokwisha kutendwa na wengine. Hakuna mwongozaji wa filamu za kutisha aliyeanzisha vita vya shifta vya mwaka 1963 hadi 1967. Hakuna mtunzi wa hadithi za mazimwi aliyeliweka eneo zima chini ya sheria za hali ya hatari hadi mwaka 1991. Ule msako wa mwaka 1989, ambapo Wasomali wa Kenya walitakiwa kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi za rangi ya waridi juu ya vitambulisho vyao, haukuandikwa na mpenzi wa sinema. Jina lilichafuliwa kwa mihuri na sahihi, ofisini, mchana kweupe. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Hapa wanaotakiwa kuuficha ni wale waliovuliwa.

Wanaoogopa kitisho cha kubuni wangefanya vyema kukitazama kile cha kila wiki. Basi la kutoka Wajir hufika kwenye daraja la Tana likiwa limejaa vumbi hadi kwenye nyusi za abiria, na madumu ya maziwa ya ngamia yamefungwa juu ya keria. Utingo anagonga bodi. Mara nyingi wenye sura ya kusini hubaki vitini wakisinzia, na wenye sura ya Kisomali huteremka, wakapanga foleni, kitambulisho kimeshikwa usawa wa kifua. Askari anaangalia kadi, anaangalia uso, anarudi kwenye kadi. Anauliza swali kwa Kiswahili, na kinachosikilizwa si jibu bali lafudhi. Msichana aliyekuwa ameketi kando ya mvulana tangu Habaswein anaulizwa huyu ni nani wake. Hapo pana mashaka ya kutosha kumtosheleza mpenzi yeyote wa filamu za kutisha, na hakuna damu hata tone.

Alama isiyochaguliwa nayo ipo, tena si ya kubuni. Kambi za Dadaab zilifunguliwa mwaka 1991, na katika miaka ya ukame familia nyingi za Wakenya wa Garissa na Wajir zilijiandikisha humo kama wakimbizi ili kupata posho na matibabu. Watoto wao walichukuliwa alama za vidole pamoja nao. Mtoto huyo akifika miaka 18 huenda kuomba kitambulisho cha taifa, anaweka kidole kwenye mashine, na mashine inamwambia karani kwamba huyu ni mkimbizi. Wazazi ni Wakenya, babu alizikwa Wajir, lakini kidole kimesema. Maelfu ya vijana wamekwama hivyo: hawawezi kufungua akaunti, kusajili laini ya simu kwa jina lao, kuajiriwa, wala kuvuka daraja bila kutetemeka. Bila hata kufika Dadaab, kijana wa kaunti za mpakani alikuwa akipelekwa mbele ya kamati ya wazee na maofisa kuhakikiwa, jambo lisilomkuta kijana wa Nyeri au Kisumu. Februari 2025, katika ziara yake ya kaskazini mashariki, Rais William Ruto alitangaza kuufuta uhakiki huo wa ziada. Kwa zaidi ya nusu karne kabla ya hapo, hakuna aliyedai kwamba unalichafua jina la mkoa.

Maren wa Bones and All hutambuliwa kwa harufu na wala watu wenzake. Kijana wa Garissa hutambuliwa kwa kidole na mashine ya serikali yake. Kati ya visa hivyo viwili, kilicho kigumu kusadiki ni cha pili.

Yafaa kusema wazi kwa nini hoja ya jina hupendwa sana. Filamu ya kiasi ina adui mmoja, naye ni mgeni mwenye bunduki aliyevuka mpaka. Filamu ya kitisho humfanya mtazamaji aulize zimwi ni nani, na jibu linaweza kuwa na kofia rasmi, kalamu na mhuri. Anayesema analinda jina la Wajir mara nyingi analinda jina jingine.

Tatu: ugeni

Inadaiwa kwamba mapenzi na kitisho ni mchanganyiko wa kigeni. Dai hili linahitaji usahaulifu mkubwa.

Watoto wa Kisomali, Wajir kama Hargeisa, hulala wakiwa wamesimuliwa habari za Dhegdheer, mwanamke mla watu mwenye sikio refu linalosikia nyayo kutoka mbali na miguu inayompita kila anayemkimbia. Visa vyake vingi ni visa vya kukimbia: wasichana njiani, usiku, nyuma yao mlaji. Kuna pia qori-ismaris, mtu anayejisugua kijiti jua likizama akawa fisi, akarudi utu kabla ya alfajiri. Mkewe huishi na swali la mume wake huwa wapi usiku. Mambéty alihitaji kupachika fisi kwenye jina la filamu. Nyikani Wajir fisi yumo nyumbani tayari, na amevaa kikoi.

Mapenzi nayo? Mshairi anayehesabiwa na Wasomali kuwa baba wa ushairi wa mapenzi, Elmi Boodhari wa Berbera, anakumbukwa kwa jambo moja: alimpenda Hodan, akanyimwa, akafa kwa huba. Taifa linaloamini kwamba mtu anaweza kuuawa na upendo halihitaji kufundishwa na Hollywood kwamba upendo unatisha. Upande wa pwani kisa ni kile kile kwa umbo jingine. Jini mahaba, anayempenda binadamu kwa wivu hadi akamharibia ndoa, ni habari ya kawaida kwa waganga na mashehe kutoka Lamu hadi Dar es Salaam, na Mussa Banzi wa Tanzania aliitumia katika Shumileta, filamu ya jini wa kike aliyempenda mwanamume wa duniani, muda mrefu kabla ya Guadagnino kuwafikiria Maren na Lee.

Pigo kubwa zaidi kwa hoja ya ugeni linatoka kwenye sheria ya ndoa. Wasomali wanayo ndoa ya masaafo. Vijana waliokataliwa na walii wa msichana hutoroka pamoja, wakaenda mbali naye, kwa kawaida hutajwa umbali wa kilomita 90 hivi, ndipo shehe wa huko akaona kwamba anaweza kuwaozesha bila walii. Wanazuoni hubishana kuhusu uhalali wake, na familia zikikasirika huwatuma vijana wao nyuma ya watoro. Ikiwa koo ni mbili zenye kisasi, jambo laweza kumwaga damu. Basi tuone: vijana wawili waliokataliwa, barabara, umbali uliopimwa, kundi linalowafuata, na kifo kikiwa mojawapo ya miisho. Hiyo ni filamu ya safari, ya mapenzi na ya kitisho, na imo katika mila ya watu wanaoambiwa haiwafai. Kinachokosekana ni kamera tu.

Hata kamera haikukosekana kabisa. Khadar Ayderus Ahmed, mzaliwa wa Mogadishu aliyehamia Finland, aliongoza The Gravedigger's Wife. Guled, mchimba makaburi nchini Djibouti, hukaa nje ya hospitali na koleo lake akingoja maiti. Mkewe Nasra anaumwa figo. Guled anaingia barabarani kwa miguu kutafuta fedha za kumwokoa. Wapenzi hao hutaniana, hucheka, hujipamba kwenda harusi wasiyoalikwa. Kaburi na kitanda vimo katika hadithi moja, kwa Kisomali, na staha haikuvunjwa. Tamasha la FESPACO la Ouagadougou liliipa tuzo yake kuu mwaka 2021. Ni kweli kwamba Guled si kijana mtoro, na mauti humo hayana meno. Lakini anayeshikilia kwamba Usomali hauwezi kubeba mapenzi na mauti katika safari moja anadaiwa maelezo.

Nne: mtazamaji

Hili halihitaji maneno mengi. Mtazamaji anayeogopewa kuchanganyikiwa amekulia kwenye filamu za Kihindi zilizotiwa sauti za Kisomali, ambamo nyoka hugeuka mwanamke, mwanamke huolewa, na mume huuawa, katikati yake nyimbo sita. Hakuwahi kulalamika kwamba amepotea.

Ushahidi wa karibu zaidi uko Nairobi. Aprili 2018 Bodi ya Uainishaji Filamu Kenya iliipiga marufuku Rafiki ya Wanuri Kahiu, hadithi ya wasichana wawili wanaopendana, iliyokuwa ikielekea Cannes. Ilidaiwa kwamba maadili ya jamii hayako tayari. Septemba mwaka huo Mahakama Kuu iliisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na kumbi zikajaa. Jambo la kuangaliwa hapo ni mizani yenyewe. Filamu ya kuchinjana hubandikwa umri wa miaka 18 ikaendelea na safari; filamu ya kupendana ikafungwa kabisa. Wanaosema kitisho na mapenzi visichanganywe hawavipimi sawa: kitisho kina leseni, mapenzi ndiyo yanayohitaji kujieleza.

Makosa yanayowezekana

Mseto huu hauna kinga dhidi ya ubovu. Filamu itakayomchukua mpiganaji wa al-Shabaab, ikampaka rangi usoni na kumwita zimwi, itakuwa imerudia taarifa ya habari kwa mwanga hafifu. Filamu itakayowatumia wapenzi kama chambo, ili wafe dakika ya tisini na mtazamaji alie, itakuwa imerudi kule kule kwenye bei ya tiketi. Mati Diop, mpwa wa Mambéty, alionyesha njia ngumu zaidi katika Atlantique, iliyopata Tuzo Kuu ya Cannes mwaka 2019. Vijana wa Dakar waliodhulumiwa mishahara wanazama baharini wakielekea Ulaya. Roho zao zinawaingia wasichana waliowaacha, na usiku zinakwenda kwa tajiri kudai fedha zao. Mzimu humo una risiti mkononi. Kitisho kinamfuata mdaiwa, wala hakimwandami maskini.

Mwandishi wa Wajir anao mzimu wa namna hiyo tele: kidole kilichoandikishwa utotoni, majina ya Wagalla yasiyohesabiwa, walii anayefuata gari usiku. Anao pia wapenzi wa kuutazama usoni. Anachonyimwa ni ruhusa ya kuviweka katika basi moja, na wanaomnyima humwambia ni kwa ajili ya heshima yake. Wanaodai filamu ya kiasi peke yake waseme wazi kwamba wanachokitaka ni abiria asiye na hamu, asiye na hasira, asiye na anakokwenda. Abiria wa namna hiyo hajapata kupanda basi la Wajir.